KAULI ISIYO NA DAFTARI: LUGHA YA MWALIMU NA MWENENDO WA VIJANA BALEHE KATIKA SHULE ZA BUKOBA NA MULEBA

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kauli za kudunisha zitolewazo na walimu zinavyoathiri mwenendo wa wanafunzi wa rika la balehe, kwa kuyarejelea mazingira ya shule za Buhaya, hususan Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba kauli ya mwalimu darasani ni tendo lenye mamlaka, na kwamba mengi yaitwayo utovu wa nidhamu ni majibu ya tendo hilo. Makala yanaonesha njia za kisarufi ambazo Kiswahili hutumia katika kumshusha mtu hadhi, yanajadili nafasi ya lugha ya kufundishia katika kuzalisha fedheha, na yanahitimisha kwa kubainisha tofauti kati ya kukemea na kudhalilisha.

1.0 Utangulizi

Adhabu ya viboko katika shule za Tanzania imewekewa mipaka ya kisheria kwa muda mrefu. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi 6. Kanuni za mwaka 2002 zilipunguza idadi hiyo hadi 4, zikampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, mamlaka ya kuchapa, zikaelekeza kwamba mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike, na zikaagiza kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, na jina la aliyeadhibu. Iwapo kanuni hizi zinafuatwa au la ni suala jingine. Linalohusu makala haya ni kwamba fimbo, walau katika maandishi, ina kipimo na ina daftari.

Kauli haina. Hakuna kanuni inayosema mwanafunzi aitwe mjinga mara ngapi kwa muhula, wala hakuna mahali pa kuandika kwamba siku fulani, mbele ya wenzake sabini, binti wa miaka kumi na minne aliambiwa kwamba mwisho wake ni kuuza ndizi kando ya barabara. Kauli hiyo hupita kama upepo, na mwalimu aliyeitoa huenda akaisahau kabla kengele haijalia. Aliyeambiwa hasahau.

Si kwamba sheria imelinyamazia jambo hili kabisa. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto ukatili au kumpa adhabu ya kumtweza, na inautaja ustawi wake wa kiakili sambamba na wa kimwili. Hata hivyo, baina ya katazo hilo la jumla na darasa la kila siku pana pengo. Pengo hilo, kwa sehemu kubwa, ni la kiisimu, kwani hatujazoea kuyachambua maneno ya mwalimu kama matendo. Makala haya yanakusudia kuchangia katika kuliziba.

Mifano ya semi inayotolewa hapa ni ya semi zinazofahamika kwa yeyote aliyepita katika shule zetu. Haikukusudiwa kuiwakilisha shule yoyote mahususi.

2.0 Muktadha wa Shule katika Buhaya

Buhaya ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizoipokea elimu ya shule mapema. Wamisionari wa Shirika la White Fathers waliweka kituo Kashozi mwaka 1892, na shule za misheni zikaenea kutoka huko. Majina kama Rubya, Ihungo, Kahororo na Nyakato yamekuwa sehemu ya historia ya wasomi wa nchi hii. Urithi huo una pande mbili. Upande mmoja ni heshima kubwa ambayo jamii inampa msomi. Upande wa pili ni uzito wa fedheha anaoubeba asiyefaulu. Pale ambapo elimu ndiyo kipimo cha mtu, kauli ya mwalimu kwamba mwanafunzi "hana kichwa" haiishii darasani. Inafika nyumbani na kanisani, na wakati mwingine hutangulia mbele ya kijana kila aendako.

Katika Manispaa ya Bukoba, kata kama Buhembe, Kibeta, Nshambya na Kahororo zipo katika mpaka wa mji na migomba. Mtoto huamka katika nyumba inayozungumza Kihaya, akavuka barabara yenye Kiswahili cha sokoni, akaingia darasani ambako Kiswahili sanifu, na baadaye Kiingereza, ndicho kipimo cha akili yake. Katika Wilaya ya Muleba, yenye visiwa na mialo ya wavuvi, umbali baina ya lugha ya nyumbani na lugha ya shule huongezewa na umbali wa maisha yenyewe.

Mkoa huu aidha umepitia misiba ambayo haina budi kuzingatiwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, Muleba, na katika miongo iliyofuata shule za Kagera zilijaa watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kubomoa nyumba na shule, zikiwamo Ihungo na Nyakato. Mwalimu wa Kagera, kwa hiyo, kwa miaka mingi amesimama mbele ya wanafunzi ambao baadhi yao walikwisha kujeruhiwa kabla hajafungua kinywa.

Mnamo Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, mjini Bukoba, alifariki dunia baada ya kupigwa shuleni. Alikuwa ametuhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Shauri lililotokana na kifo hicho lilisikilizwa na Mahakama Kuu mjini Bukoba, na uamuzi wa mahakama hiyo ukatolewa Machi 2019. Tukio hili hukumbukwa kwa sababu ya fimbo, na ni haki likumbukwe hivyo. Lakini kwa mtazamaji wa lugha, lina jambo jingine la kuzingatia. Mahakama ilihitaji miezi, mashahidi na vielelezo kabla ya kutamka neno lake. Shuleni, tuhuma ilitosha kuwa hukumu. Kabla ya fimbo kuinuliwa, palikuwa na tuhuma iliyomweka mtoto katika kundi la watu wanaostahili kupigwa. Tukio la namna hii ni la nadra, lakini utaratibu wa neno kumtangulia mtu na kumhukumu si wa nadra hata kidogo.

3.0 Kauli kama Tendo

Austin (1962) alionesha kwamba kusema si kueleza tu hali ya mambo, bali ni kutenda. Katika kutamka maneno, msemaji huonya, huahidi, huhukumu au hufungisha ndoa, na tendo hilo huacha athari kwa msikilizaji. Searle (1969) aliendeleza hoja hiyo kwa kuchunguza masharti ambayo yakitimizwa tendo husimama. Mojawapo ya masharti hayo ni mamlaka. Mpita njia hawezi kufungisha ndoa hata akiyatamka maneno yote sahihi.

Nadharia hii ikiletwa darasani, inatupa jibu la swali ambalo wazazi huuliza mara kwa mara: mbona wanafunzi wenyewe kwa wenyewe huitana mjinga kutwa nzima bila kudhurika, na mwalimu akisema mara moja mtoto anagoma kwenda shule? Jibu ni kwamba maneno ni yaleyale lakini matendo ni mawili tofauti. Mwanafunzi amwitaye mwenzake mjinga anatukana. Mwalimu atumiaye neno hilohilo anatoa tathmini, kwa sababu kazi yake ya kisheria na ya kijamii ni kupima akili. Yeye ndiye anayesahihisha mtihani na kuandika ripoti ya muhula. Kwa hiyo neno lake hupokewa kama matokeo, wala si kama tusi.

Dhana ya uso, iliyofafanuliwa na Goffman na baadaye kuendelezwa na Brown na Levinson (1987), inaongeza jambo jingine. Kila mtu ana sura ya heshima anayotaka wengine waitambue. Kiswahili kilikuwa na dhana hii kabla ya wanaisimu kuiandikia vitabu. Tunasema uso umeumbwa na haya, na aliyeaibishwa husema hana uso wa kutazama watu. Katika Kihaya pia, neno waitu, lenye maana ya "wetu", hutumika katika mazungumzo kumstahi anayesemeshwa kwa kumhesabu kuwa mmoja wa jamaa. Mtoto aliyelelewa katika mazungumzo ya namna hiyo anajua vizuri ni wakati gani anatolewa nje ya "wetu".

Rika la balehe linauzidisha uzito wa suala hili. Huu ndio umri ambao kijana anajiuliza yeye ni nani, na Erikson (1950) aliuita umri wa kuutafuta utambulisho. Mtoto wa miaka saba akiitwa mvivu hukimbilia kwa mama yake. Kijana wa miaka kumi na minne akiitwa hivyo mbele ya wenzake, wakiwamo wale ambao angependa wamwone vyema, hana pa kukimbilia, kwa kuwa hao wenzake ndio kioo anachojitazamia.

4.0 Sarufi ya Kudunisha

Kudunisha hakuhitaji matusi ya nguoni. Sarufi ya Kiswahili yenyewe ina zana za kutosha, na walimu, kama wasemaji wengine, huzitumia bila kuzitafakari. Zana nne zinajitokeza.

4.1 Kutoka Kitenzi hadi Nomino

Linganisha kauli tatu: "Umekosea", "Wewe ni mkosaji", na "Jinga wewe". Ya kwanza ni kitenzi chenye wakati. Kosa limetendeka, limekwisha, na linaweza kurekebishwa. Ya pili imelitoa kosa katika wakati na kulifanya sifa ya mtu. Ya tatu imeondoa hata kitenzi kishirikishi, na sifa imekuwa jina la kuitia. Kadiri kauli inavyotoka katika kitenzi na kuelekea katika nomino, ndivyo mlango wa kujirekebisha unavyofungwa. Mtu anaweza kuacha kutenda jambo, lakini ni vigumu kuacha kuwa kitu.

4.2 Kubadili Ngeli na Upatanisho

Nomino za viumbe hai katika Kiswahili huchukua upatanisho wa ngeli ya watu hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine. Tunasema "kiongozi huyu amefika", si "kiongozi hiki kimefika". Kanuni hii ni adhimu, kwani inamtofautisha mwenye uhai na kitu. Msemaji anayetaka kumshusha mtu huivunja makusudi. "Kijitu hiki kinaniangalia nini?" au "Jitoto hili halisikii" ni kauli zinazomnyang'anya mwanafunzi upatanisho wa watu na kumpa wa vitu. Mwanafunzi hajui istilahi ya upatanisho wa kisarufi, lakini anausikia. Ameelezwa kwamba kwa dakika hiyo yeye si "huyu", ni "hiki".

4.3 Wakati na Hali

Kiambishi hu- cha mazoea, viambishi vya wakati ujao na vielezi kama "daima" na "kamwe" hulipanua tukio moja hadi likawa maisha mazima. "Leo hukufanya kazi" ni kauli ya tukio. "Huyu hufanya haya kila siku" ni kauli ya tabia. "Hutafaulu kamwe" ni utabiri, na utabiri wa mwenye mamlaka una nguvu ya pekee. Rosenthal na Jacobson (1968) walitoa hoja kwamba matarajio ya mwalimu huweza kuchangia kuyaleta yale yanayotarajiwa. Ukubwa wa athari hiyo umebishaniwa sana tangu hapo. Lakini hata anayeupunguza ukubwa wake hana budi kukubali kwamba mwanafunzi aliyetabiriwa kushindwa hunyimwa maswali, hunyimwa nafasi ya kujibu na hukalishwa nyuma. Utabiri hutengenezewa njia ya kutimia.

4.4 Wingi na Asili

Zana ya nne ni kumhamisha mwanafunzi kutoka katika nafsi ya umoja hadi ya wingi: "Ninyi watoto wa mwaloni", "Watu wa huko kwenu ndivyo mlivyo". Hapa haadhibiwi mtu mmoja. Wanaadhibiwa wazazi wake, kijiji chake, na kazi iliyomnunulia sare. Kwa yatima kauli ya namna hii ni nzito zaidi, kwani anayetajwa hayupo kujitetea. Kijana anaweza kuyasamehe yaliyosemwa juu yake mwenyewe, lakini yaliyosemwa juu ya marehemu mama yake huyabeba.

4.5 Utani Usiorudishwa

Mwalimu akiulizwa kuhusu kauli hizi, mara nyingi hujibu kwamba ulikuwa utani. Jibu hili linastahili kuzingatiwa kwa sababu utani ni asasi ya kweli katika jamii zetu. Watani hutukanana, hunyang'anyana vitu msibani, na hakuna anayekasirika. Hata hivyo, utani una sharti moja kuu, nalo ni kurudishiana. Anayetania hana budi kukubali kutaniwa. Darasani sharti hilo halipo. Mwanafunzi atakayemrudishia mwalimu utani wake ataandikwa katika daftari lile la viboko. Kwa hiyo lakabu ambayo mwalimu humpa mwanafunzi kutokana na umbo lake, sauti yake au viatu vyake haiwezi kuitwa utani, hata darasa zima likicheka. Kicheko cha darasa hakithibitishi utani. Mara nyingi ni kodi ambayo wengine hulipa ili zamu yao isifike.

5.0 Lugha ya Kufundishia na Fedheha

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ilhali Kiingereza kimebaki katika sekondari. Mpito huo humkuta mwanafunzi akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, yaani katika kilele cha balehe. Uchunguzi wa Criper na Dodd (1984) ulionesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunzia masomo mengine, na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Martha Qorro, wamelirudia suala hili kwa miaka mingi.

Mjadala huo kwa kawaida huhusu ufaulu. Upo upande wa hisia ambao haujapewa uzito unaostahili. Mwanafunzi aliyekuwa msemaji hodari darasa la saba hujikuta bubu kidato cha kwanza. Anajua jibu lakini hana maneno. Akijibu kwa Kiswahili anakemewa, akijibu kwa Kiingereza kibovu anachekwa, akinyamaza anaitwa mzito wa kuelewa. Njia zote tatu zinaishia katika fedheha. Katika shule za msingi, hali inayokaribiana na hiyo humpata mtoto ambaye Kihaya chake kinasikika katika Kiswahili chake. Kihaya hakina sauti ziandikwazo th, dh na gh, na mtoto anayesema "zahabu" badala ya "dhahabu" anafuata fonolojia ya lugha yake ya kwanza kwa utaratibu unaotabirika kabisa. Mwalimu mwenye maarifa ya fonolojia ataliona hilo kama jambo la kurekebishwa kwa mazoezi. Mwalimu asiye na maarifa hayo atalifanya kichekesho.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ya fedheha ya kilugha iliyowekewa utaratibu. Ngũgĩ wa Thiong'o (1986) ameeleza jinsi ambavyo, katika shule za Kenya ya kikoloni, mtoto aliyepatikana akisema Kigikuyu alichapwa au kuvishwa shingoni kibao chenye maneno ya kumtweza, na jinsi kitufe kilivyopitishwa kutoka kwa mtoto hadi mtoto ili kumnasa mkosaji. Lililo muhimu katika maelezo hayo ni kwamba watoto walifundishwa kuwindana. Fedheha haikubaki baina ya mwalimu na mwanafunzi, bali iligeuzwa kuwa uhusiano baina ya wanafunzi wenyewe.

6.0 Mwenendo kama Jibu

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Takriban robo yao walieleza kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima, yaani kuitwa majina mabaya, kufanywa wajione hawatakiwi, au kutishiwa kutelekezwa. Zaidi ya nusu, wasichana kwa wavulana, walieleza kwamba walipigwa na mwalimu. Kuhusu watoto wa shule za msingi, Hecker na wenzake (2014) waliona uhusiano kati ya adhabu za kimwili walizopata watoto nyumbani na matatizo ya kitabia kama ukali. Uhusiano wa namna hii hauthibitishi peke yake lipi ni chanzo na lipi ni tokeo, kwa kuwa mtoto mkali naye huvuta adhabu. Unaonesha, hata hivyo, kwamba ukali wa wakubwa na ukali wa watoto huandamana, na kwamba adhabu haikuumaliza ukali iliokusudiwa kuumaliza.

Ikiwa kauli ni tendo, basi mwenendo unaofuata unaweza kusomwa kama zamu ya pili katika mazungumzo. Mwanafunzi amesemeshwa, hana ruhusa ya kujibu kwa maneno, naye anajibu kwa mwili wake. Majibu hayo ni ya namna nne.

Jibu la kwanza ni kimya. Kijana huacha kunyoosha mkono, huacha kuuliza, huchagua dawati la nyuma. Walimu wengi hukichukulia kimya hiki kuwa nidhamu, na kwa hiyo mwanafunzi aliyeumia zaidi huenda ndiye anayesifiwa kwa utulivu. Hili ndilo jibu la hatari zaidi, kwa sababu halimsumbui mtu.

Jibu la pili ni utoro. Hauanzi kwa siku nzima. Huanza kwa kipindi kimoja cha mwalimu mmoja, kisha kipindi kile kinavuta siku, na siku ikavuta juma. Katika Bukoba na Muleba kijana mtoro hakosi pa kwenda, kwani upo mwalo, lipo soko, ipo pikipiki ya kuosha. Huko hupewa kazi na, pengine kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, huambiwa kwamba ameifanya vizuri. Si ajabu kwamba harudi.

Jibu la tatu ni ukali. Kijana aliyedunishwa na asiyemweza humgeukia anayemweza, yaani wa darasa la chini, mdogo wake nyumbani, au mwanafunzi mwenye ulemavu. Bandura na wenzake walikwisha kuonesha katika majaribio ya mwaka 1961 kwamba watoto huiga ukali wa mtu mzima waliyemtazama. Kwa lugha jambo hili ni dhahiri zaidi, kwa sababu wanafunzi huyarudia maneno ya mwalimu neno kwa neno, pamoja na lafudhi yake. Lakabu ambazo wanafunzi huwapa walimu kwa siri nazo ni sehemu ya jibu hili, kwani ni utani uliokatazwa unaorudishwa nyuma ya mgongo.

Jibu la nne ni kuukubali uamuzi. Becker (1963) alieleza jinsi mtu aliyebandikwa jina la ukosaji anavyoweza hatimaye kuishi kulingana na jina hilo. Kijana aliyeitwa mhuni miaka miwili huona hana cha kupoteza akiwa mhuni kweli, na walau jina hilo lina heshima kwa baadhi ya wenzake. Msichana aliyeambiwa kila mara kwamba shule si mahali pake huacha kujilinda dhidi ya wale wanaomwambia kwamba mahali pake ni kwao. Siku mambo yanapoharibika, mwalimu husema, "Nilijua." Kauli yake ya kwanza imethibitishwa na matokeo ambayo yenyewe ilisaidia kuyaleta.

7.0 Hoja ya Malezi

Pana hoja nzito dhidi ya yote yaliyosemwa. Wapo wasemao kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi wao wenyewe walifundishwa kwa ukali wakafaulu. Aidha, mwalimu anayelaumiwa anafundisha darasa lililofurika, hasa tangu ada na michango ya lazima ilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Anasahihisha usiku, na hadhi yake katika jamii si ile aliyokuwa nayo mwalimu wa zama za babu yake. Kumtaka mtu huyo apime kila neno ni kumwongezea mzigo.

Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kubezwa. Hata hivyo, inachanganya vitu viwili. Methali zinazonukuliwa zinahusu kukunja, yaani kumpa mtoto umbo, wala hazihusu kumvunja. Kukemea ni kulikataa tendo kwa sababu mtendaji anastahili kutenda bora zaidi. Kudhalilisha ni kumkataa mtendaji. "Kazi hii haifai, na wewe unaweza kuliko hivi" ni kauli kali, huenda ikamliza mtoto, lakini imemwachia uso wake. Aliyefaulu licha ya kudunishwa ni shahidi wa uimara wake mwenyewe, si wa ubora wa njia. Wale ambao njia hiyo iliwatoa shuleni hawapo katika ukumbi wa walimu kutoa ushahidi wao.

Kuhusu mzigo, uzoefu wa majaribio unaelekea kuonesha kinyume. Nkuba na wenzake (2018) walijaribu katika shule za sekondari za serikali nchini Tanzania mafunzo ya siku chache yanayowapa walimu stadi za kuhusiana na wanafunzi na njia za nidhamu zisizo za ukatili, na wakaona ukatili wa kimwili na wa kihisia ukipungua. Nchini Uganda, jaribio lililofanyika katika shule 42 za msingi za Wilaya ya Luwero, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, lilionesha kwamba shule zilizotumia mwongozo wa shirika la Raising Voices zilipunguza kwa kiasi kikubwa ukatili wa kimwili wa walimu. Shule hizo hazikuwa na madarasa madogo kuliko nyingine. Kilichobadilika ni namna ya kuhusiana.

8.0 Fundisho la Nshamba

Kagera yenyewe ina mfano ambao hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Katika miaka ya 1990, huko Nshamba, Wilayani Muleba, ulianzishwa mradi wa kuwasaidia yatima kisaikolojia, na mwongozo ukaandaliwa kwa ajili ya walimu na walezi ili waweze kumtambua mtoto mwenye majonzi na kuzungumza naye. Mradi huo uliitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kufariji. Wazo lake la msingi linastahili kuangaliwa na wanaisimu. Mtoto aliyepotea katika masomo huenda hajashindwa kuelewa, huenda anaomboleza, na mwalimu anaweza kufundishwa maneno ya kumkabili.

Kwamba mradi ulichukua jina lake kutoka katika lugha ya nyumbani si jambo dogo. Mtoto anayekatazwa lugha hiyo darasani aliambiwa kwamba faraja yake ina jina katika lugha hiyohiyo. Kutokana na fundisho hili, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, somo la matumizi ya lugha katika vyuo vya ualimu lisiishie katika sarufi na uandishi wa insha, bali liwaoneshe walimu watarajiwa nguvu ya kauli zao wenyewe, pamoja na fonolojia ya lugha za wanafunzi watakaowafundisha. Pili, idara za Kiswahili za vyuo vikuu zikusanye na kuchambua mazungumzo halisi ya darasani kwa idhini ya wahusika na bila kufichua majina. Tumekuwa na bidii ya kukusanya methali na vitendawili, lakini lugha ambayo mtoto husikia kwa saa nyingi zaidi kila juma hatujaikusanya.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba kauli ya kudunisha ni tendo lenye sarufi yake. Humtoa mwanafunzi katika kitenzi na kumtia katika nomino, humnyima upatanisho wa watu, hulipanua kosa la leo hadi kesho yote, na huwaadhibu wasiokuwapo. Yameonesha pia kwamba kimya, utoro, ukali na kulikubali jina baya ni majibu ya tendo hilo kutoka kwa mtu asiyeruhusiwa kujibu.

Haipendekezwi hapa kwamba pawepo daftari la maneno kama lilivyo daftari la viboko. Daftari la namna hiyo haliwezekani, na likiwezekana halitafaa, kwa kuwa kauli huwa na uzito kutokana na anayeisema, anayeisikia na wanaosikiliza. Hata hivyo, kutokuwapo kwa daftari katika ofisi ya mkuu wa shule si sawa na kutokuwapo kwa kumbukumbu. Kumbukumbu ipo, nayo hutunzwa na mwanafunzi.